Waziri wa Mafuta

Jumapili, 2 Machi

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na naliandika hapa kwa sababu daftari halinikodolei macho ninapotafuta maneno. Gari alilonunua Mama jana alilinunua kwa kauli yangu, na kauli yenyewe ilikuwa ya uongo.

Ilikuwa hivi. Mwenye gari ni mzee aliyestaafu kazi ya maktaba. Alituketisha sebuleni kwake, akamletea Mama kile kitabu ambacho gereji hugonga muhuri kila gari linapohudumiwa. Kimeandikwa kwa Kiingereza. Mama anaijua cherehani yake mpaka msumari wa mwisho, lakini yeye na Kiingereza walikosana tangu darasa la tano, kwa hiyo kitabu kikatua mikononi mwangu.

"Soma chote, binti," yule mzee akasema, "halafu umweleze mama yako. Usiwe na haraka."

Nikasoma. Mihuri ilijaa kurasa za mwanzo, halafu ikakatika ghafla. Muhuri wa mwisho una miaka mitano. Baada ya hapo kurasa ni nyeupe pe: hakuna oili, hakuna maji ya rejeta, hakuna breki. Nilielewa kila neno, na la kusema nilikuwa nalo. Lakini watu watatu walikuwa wananitazama mdomoni, uso ukaanza kuniwaka, na Mjomba, mdogo wake Mama, akasema, "Haya, Bubu, tuambie, au tukupe kalamu?" Wakacheka, hata Mama kidogo. Kisha Mama akaniuliza, "Kinasemaje, mwanangu?"

"Kiko sawa," nikasema.

Basi. Maneno mawili. Chai ilikuwa haijapoa Mama akawa ameshika funguo.

Mama ni fundi wa mapazia. Miaka yote amebeba vitambaa kichwani na fito begani. Sasa amepata kazi ya kushona mapazia ya vitanda vyote vya zahanati ya kilimani, na gari hili la kijivu lenye miaka kumi na saba ndilo la kuyapandisha. Likifa, kazi imekufa.

Nimeamua. Kila kilichopo ndani ya gari hili kinachomiminika, nitakishughulikia mimi mwenyewe mpaka uongo wangu ugeuke kuwa kweli. Kiko sawa? Kitakuwa sawa.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza. Nimesoma kitabu kingine cha gari, kile kinene cha maelezo, wakati wa kipindi cha historia. Nimefika ukurasa wa arobaini.

Jumamosi, 8 Machi

Leo tumelipeleka gereji ya mtaa wa pili. Fundi ni mzee mwenye mikono mikubwa, hasemi sana, na sikio lake moja halisikii. Nilidhani ananidharau kwa kuwa hajibu ninaponong'ona. Kumbe hasikii.

Alifungua boneti, akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa nyeusi tii. Akaichukua kwa vidole viwili, akaisugua, akaniambia na mimi nisugue. Ilikuwa na mchanga mchanga.

"Hii imechoka," alisema. "Oili ikichoka haitelezi, inasaga."

Akaimwaga yote, akabadilisha na chujio, akatia mpya ya rangi ya asali. Kisha rejeta: kilichotoka kilikuwa maji ya kutu. Akasuuza mara tatu kabla ya kutia kulanti, maji ya kijani ya kupoza injini. Akanionyesha mahali pa maji ya kuoshea kioo, mahali pa mafuta ya steringi, mwisho kikopo kidogo cheupe karibu na kioo, chenye mistari miwili, wa juu na wa chini.

"Haya ni mafuta ya breki. Yalibadilishwa lini?"

Aliniuliza mimi. Nilifungua mdomo. Mama akanijibia kwa fahari, "Kitabu kiko sawa, Fundi. Huyu alikisoma chote."

"Haya basi," Fundi akasema, akafunga kifuniko. "Yakishuka mstari wa chini, uongeze."

Nilikuwa na sekunde kama nne za kusema. Nilizihesabu zikipita.

Jumanne, 11 Machi

Nimetengeneza orodha kwa Kiswahili na kuibandika jikoni, ili Mama naye aijue. Kitabu kina maneno mengi ya ajabu, nikayarahisisha: mafuta ya injini, mafuta ya gia, mafuta ya steringi, mafuta ya breki, maji ya rejeta, maji ya kioo. Kila Jumamosi natia alama. Mama ameisoma akiwa ameuma pini mdomoni, akazitoa ili aweze kucheka.

"Nyumba hii sasa ina Waziri wa Mafuta," akasema. "Mheshimiwa, naomba chumvi."

Jumamosi, 15 Machi

Vyote viko juu. Mvua. Mama ameshona mapazia kumi na mawili.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimejivunia nafsi yangu, na si jambo la kila siku.

Mafuta ya breki yalikuwa yamefika mstari wa chini kabisa. Nilikimbia gereji na mwavuli, nikakuta Fundi amefunga kwa sababu ya mafuriko ya mtaa wake. Mama alikuwa anasubiri funguo ili apeleke vipimo vya mapazia zahanati. Mjomba yuko mlangoni, anapiga mluzi.

"Sasa Waziri, unaenda kuitisha kikao?"

Nikakumbuka chupa ya mafuta iliyobaki siku ile ya gereji, safi, ya rangi ya asali. Nikaisogeza karibu na kikopo. Rangi zilikaribiana. Nikatia taratibu mpaka mstari wa juu, sikumwaga hata tone. Nikafunga boneti kwa mikono miwili kama Fundi anavyofanya, nikasema, "Tayari."

Mama akaendesha, akarudi, akasema gari ni tamu.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Mtihani wa kemia. Sawa tu.

Jumamosi, 29 Machi

Nilipima kila kitu bila kufungua vifuniko, kwa kutazama mistari kwa nje. Vyote viko juu. Mapazia thelathini na moja.

Jumatano, 2 Aprili

Mama anasema gari limekuwa zito, kama linavuta kitu nyuma. Na pale kwenye mteremko wa zahanati kulikuwa na harufu ya kitu kinachoungua. Mjomba akatikisa kichwa kama daktari. "Ni unyevu, dada. Gari mimi nalijua kwa mlio. Hili linalalamika baridi tu."

Sikuipenda harufu ile. Imeniingia kwenye nguo.

Jumamosi, 5 Aprili

Nitaandika yote, kwa mpangilio.

Asubuhi Mama alipakia mapazia arobaini ya zahanati. Mlima wote umelowa na barabara inateleza. Wakati anakunywa chai nilienda kufanya ukaguzi wangu. Safari hii nikasema nifungue na vifuniko, nifanye kazi kamili. Kifuniko cha kikopo cha breki kilitoka kwa shida. Ndani yake kuna mpira mwembamba. Mpira ule ulikuwa umevimba, umejikunja kama sikio. Nikajaribu kuurudisha, hauingii. Kwa nini mpira uvimbe?

Nikakimbilia kitabu kinene. Ukurasa wa mia mbili na tisa. Nilishawahi kuusoma, katika vipindi vile vya historia, lakini niliusoma kama mtu anayetafuta tarehe. Safari hii nilisoma neno kwa neno. Kitabu hakisemi mafuta. Kwenye injini kimeandika "oil". Kwenye breki kimeandika "fluid", yaani majimaji, na chini yake, ndani ya kisanduku: usitie oili ya aina yoyote, itaharibu mipira yote na breki zitashindwa kufanya kazi.

Mimi ndiye niliyeandika "mafuta ya breki" kwenye orodha ya jikoni. Kila mtu anasema hivyo, Fundi anasema hivyo, nami nikaliandika kwa mkono wangu, halafu nikaliamini kwa sababu limeandikwa.

Nikasikia mlango wa gari ukifungwa. Mama alikuwa ameshakaa, Mjomba pembeni yake. Injini ikawaka.

Nilisimama mbele ya gari. Mama akapiga honi kidogo. "Toka hapo, mwanangu, tumechelewa." Nikafungua mdomo, na kama siku zote, hakuna kitu. Mama akapiga honi ya pili. Basi nikazunguka, nikaingiza mkono dirishani, nikavuta kile kishikio cha kufungulia boneti kilicho chini ya usukani. Boneti ikaruka ta! Nikazima injini, nikachomoa funguo.

"We mtoto! Una wazimu?" Mama hajawahi kuniambia hivyo.

"Nilitia oili ya injini kwenye breki."

Sijui ilitoka wapi. Ilitoka kwa sauti kubwa hata jirani akafungua dirisha.

Mjomba akacheka. "Ah! Hilo tu? Mafuta ni mafuta, Bubu. Breki zinashika, mimi mwenyewe nimeziona jana. Lete funguo niendeshe mimi."

"Sikupi."

"Nini?"

"Sikupi, Mjomba. Hakuna mtu anayeshuka mlima na gari hili. Nitazimeza hizi funguo."

Mama alishuka, akatazama ule mpira uliovimba, akanitazama mimi. Kisha akamwambia Mjomba, kwa sauti ya chini, "Kamwite Fundi."

Fundi alikuja kwa miguu, matope mpaka magotini. Akaomba glasi ya maji na bomba la sindano. Akavuta kimiminika kidogo kutoka kwenye kikopo, akakitia ndani ya glasi, akakoroga kwa bisibisi. Tukainamia wote wanne. Sehemu yake ikapotea ndani ya maji. Sehemu nyingine ikapanda juu, ikakaa pale ikielea, duara la rangi ya asali.

"Inayoelea ni oili," Fundi akasema. "Ya breki huchanganyika na maji. Yanaitwa mafuta kwa jina tu, binti. Hayana mafuta ndani yake."

"Ingekuwaje?" Mama akauliza.

"Mpira wa juu umevimba, basi na ya chini imevimba. Leo breki zinang'ang'ania, ndiyo harufu ya kuungua uliyoisikia. Kesho ungekanyaga, mguu ungeenda mpaka chini na gari lisingekuwa na habari."

"Siku ngapi?" Mama aliniuliza mimi.

"Kumi na nne."

Akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari. Midomo yake ilikuwa inahesabu, nadhani alikuwa anahesabu mara alizoshuka ule mlima. Halafu akainuka, akaanza kushusha mapazia.

Tulikodi mkokoteni. Mama mbele, mimi na Mjomba nyuma, mapazia arobaini chini ya nailoni, mvua juu ya kila kitu. Mjomba alikuwa anahema kama mvukuto, hana hata utani mmoja. Karibu na juu, Mama akasimama apumzike, akaniambia bila kugeuka:

"Kumbe sauti unayo."

Sikujua kama ni lawama. Mpaka sasa sijui.

Jumapili, 6 Aprili

Nimeibandua orodha ya jikoni na kuiandika upya. Kwenye breki nimeandika: SI MAFUTA.

Jumatatu, 7 Aprili

Fundi amesema kila mpira unaoguswa na maji ya breki utatoka: wa juu, wa magurudumu yote manne, na mabomba yake. Nimemwomba Mama niende gereji kila siku baada ya shule mpaka kazi iishe. "Nenda," akasema. "Na ushike, usitazame tu."

Jumatano, 9 Aprili

Nimesafisha vyuma vinne vya breki kwa spiriti na mswaki. Vidole vimebabuka. Mwalimu wa Kiingereza ameuliza kwa nini nanuka gereji. Nikamjibu! Nimesema, "Natengeneza breki." Darasa zima likageuka. Uso uliwaka, lakini sikufa.

Ijumaa, 11 Aprili

Mjomba alikuja na mihogo ya kuchemsha, akakaa juu ya tairi, akanitazama nikifanya kazi. Akanimegea muhogo, akasema, "Unajua ningekuwa mimi ningetia ile ile?"

"Najua, Mjomba."

"Usimwambie dada."

Hajaniita Bubu leo. Nilikuwa namwona mtu wa kelele tu, asiyejali anachokiumiza. Sasa naona kelele zake ni kama ukimya wangu: anafunika pale asipojua.

Jumanne, 15 Aprili

Leo tumetoa hewa kwenye breki, na kazi hiyo ni ya watu wawili wanaoitana. Mimi ndani, mguu kwenye pedali. Fundi chini ya gari, na sikio lake lile. Akisema "Kanyaga!" nakanyaga na kujibu "Nimeshika!" Ndipo anafungua kijibomba, hewa na maji yanatoka, anafunga, anasema "Achia!" najibu "Nimeachia!" Nikichelewa kujibu, au nikijibu chini, anafungua wakati si wake, hewa inarudi ndani, tunaanza upya.

Mara mbili tulianza upya kwa sababu yangu.

"Binti!" akaita kutoka chini. "Mimi huku sikuoni, na sikio langu ni moja tu. Nina sauti yako tu. Usiponipa, nafanya kazi gizani."

Basi nikapiga kelele. Nimeshika! Nimeachia! Gurudumu kwa gurudumu, mara arobaini na kitu, mpaka wapita njia wakawa wanajibu nami. Nilitoka pale sina sauti, na pedali imekaa juu, ngumu, tamu.

Alhamisi, 17 Aprili

Gari limetoka. Mama alilijaribu kwenye mteremko, akasimama pale alipotaka kusimama. Akashusha pumzi. Nikadhani imekwisha.

Haikwisha. Fundi alikuwa amehifadhi kwenye chupa kile alichokimwaga kutoka magurudumu ya nyuma, kule ambako oili yangu ilikuwa haijafika. Kilikuwa cheusi kama kahawa, na kutu chini.

"Hiki si kosa la binti," akamwambia Mama. "Hiki ni cha miaka. Hata bila oili yake, breki hizi zingekushinda kabla ya mvua kwisha. Huyu kakuokoa kwa kukosea."

Mama akaichukua chupa, akaiinua kwenye mwanga. Nikaona jambo likijipanga usoni mwake.

"Lakini kitabu kilikuwa sawa," akasema. "Si ulisoma, mwanangu?"

Fundi akanitazama. Mjomba akanitazama. Na mimi, niliyepiga kelele juzi mpaka mtaa ukaitikia, nilitazama viatu vyangu.

"Kumbe yule mzee aligonga mihuri ya uongo," Mama akasema. "Mtu mzima, na ndevu zake nyeupe."

Ijumaa, 18 Aprili

Wamepanga. Kesho asubuhi Mama na Mjomba wanaenda kwa yule mzee wa maktaba, na ile chupa ya maji meusi. Mjomba anataka kuiweka mezani mbele ya majirani zake. "Ajue kwamba tunajua," anasema. Mama ameshapiga pasi gauni lake la kwenda kwa watu.

Nimekaa na hili tangu nirudi kutoka shuleni. Mzee yule hakuficha kitu. Alinipa kitabu mkononi, akaniambia nisome chote, nisiwe na haraka. Mtu pekee sebuleni aliyedanganya alikuwa mimi, na nilifanya hivyo kwa sababu tu uso ulikuwa unaniwaka. Kesho wa kwake ndio utakaowaka, mbele ya watu, na hatajua hata umewashwa na nini.

Nilifikiri nikishughulikia kila kinachomiminika uongo utajifuta wenyewe. Haujifuti. Nilibadilisha oili, nikasuuza rejeta, nikavunja breki na kuziunda upya, nao bado umekaa pale pale.

Nilifikiria kumpa Mama daftari hili asome. Ingekuwa rahisi: ningeliacha juu ya cherehani, nikaenda dukani. Lakini hiyo ingekuwa tena mtu mwingine kusoma na mimi kunyamaza.

Kwa hiyo kabla sijaanza ukurasa huu nilienda hadi mlango wa jikoni. Mama alikuwa anakatakata vitunguu. Nikasema, kwa sauti ile ya gereji, "Mama, ukimaliza njoo chumbani kwangu. Nina la kukwambia kabla hamjaenda kesho. Linahusu kitabu."

Kisu kikasimama. "Niambie hapa hapa."

"Njoo, Mama. Nitakwambia lote."

Akakiinua kisu tena. "Haya. Namalizia."

Nimeandika sentensi nitakayoanza nayo, nikaifuta, nikaandika tena. Ni hii: Mama, mihuri ilikatika miaka mitano iliyopita, niliona, na nikasema kiko sawa. Halafu nitasema kesho tunaenda sote, bila chupa, na kwa yule mzee nitaongea mimi.

Maji ya bomba yamefungwa. Anafuta mikono. Ndara zake ziko ukumbini sasa, anatembea polepole, nadhani naye anaogopa. Daftari linaingia chini ya godoro. Jambo hili sitaki alisome. Nataka alisikie.